Kaka wa Kibeta, ndege yako ni moto, ila ziwani usiipeleke

Bukoba wiki hii hakuna mwenye muda wa nani kaachana na nani. Anayetrendi ni kijana mmoja wa Kibeta, jina kapuni, ambaye mchana anatengeneza simu mjini na usiku anajifungia chumbani na boksi la vipande vya plastiki. Tangu masika yaanze anarusha klipu akijenga modeli ya ndege boti, ile ndege ya zamani ambayo tumbo lake ni boti kabisa na inatua majini. Watu walianza kufuatilia kama utani, sasa wamenogewa. Halafu juzi kati akaachia neno lililowasha moto: akifikisha wafuasi 10,000 anaishusha ndege yake Ziwa Victoria, laivu, watu waione inavyoelea.

Tatizo liko hapo tu. Ndege aijenge, rangi apake, klipu arushe mpaka mabando ya watu yaishe. Ila ziwani asiipeleke.

Kabla ya hilo, wadau wa "huo ni utoto" wapishe kwanza. Povu lao limejaa huko chini ya kila klipu: mtu mzima anachezea mdoli, mwenzake wa umri huo ana watoto wawili, sijui mahari ataitoa lini. Mmoja akatupia, "Nshomile bwana, hata mdoli lazima utoke Uingereza!" Hiyo ilichekesha, apewe maua yake. Lakini hesabu ni hesabu. Jamaa mwenyewe kasema boksi, gundi, rangi na usafiri vimemla laki tatu na ushee kwa miezi minne. Kuna washkaji wanachoma hiyo kwenye mikeka ndani ya wikiendi moja, Jumatatu wanakopa nauli, na hakuna anayewaita watoto. Mchumba wake, mdada wa saluni anayefahamika mjini, ndiye anayemmulikia na tochi ya simu kwenye klipu nyingi. Alipoulizwa mbona anavumilia, akajibu maneno matatu: "Bora yuko nyumbani." Kesi imefungwa.

Na ndege yenyewe hakuiokota tu. Ziwa hili lina historia na hizi ndege kuliko vijana wengi wa Kanda ya Ziwa wanavyojua. Februari 1931 shirika la Uingereza la Imperial Airways lilianzisha huduma ya kila wiki kutoka London, na mwisho wa njia ulikuwa Mwanza. Ndiyo, Mwanza hiyohiyo. Baadaye, mwaka 1937, zikaja ndege boti kubwa za injini nne zilizotengenezwa na Short Brothers, zikawa zinatoka Southampton kwenda Durban. Ziwani zilitua Port Bell na Kisumu, kisha zikashuka Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Abiria 24 tu. Safari ilichukua siku kadhaa, usiku watu wanashuka kulala hotelini, asubuhi wanapanda tena. Ndani kulikuwa na sehemu ya kusimama na kutazama nje kama uko baraza la nyumba. Kabla ya ndege kutua, boti ndogo ilitangulia kuhakikisha hakuna mtumbwi wala gogo njiani.

Sababu ya yote hayo ilikuwa rahisi tu: viwanja vya kubeba ndege nzito vilikuwa vichache, ziwa lilikuwepo tayari, halidai lami. Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanja virefu vikawa vimejengwa kila kona, na mwaka 1950 BOAC, lililorithi kazi za Imperial, likaachana na ndege boti kwenye njia ya Afrika.

Anachojenga kijana ni Sunderland, ndugu wa kijeshi wa zile za abiria, kiwanda kilekile. Ilikuwa inawinda nyambizi wakati wa vita, na baadaye baadhi zilivuliwa bunduki zikabeba abiria. Yeye kaamua yake iwe ya abiria: tundu la bunduki la mbele kaliziba kwa fila ya magari, kalipiga msasa mpaka pua ikawa laini, na rangi ya vita kaiweka pembeni. Modeli ni ya 1:72, maana yake kila sentimita 72 za ndege halisi zimekuwa sentimita moja. Mabawa yanakaribia sentimita 48. Ukirudisha kwenye uhalisia ni mita 34 na kitu, wakati ATR 42 ina mita 24 na nusu. Yaani babu alikuwa mpana kuliko mjukuu.

Kazi yenyewe sasa. Wanaodhani ni kubandikabandika waangalie klipu ya sita mpaka ya kumi na mbili bila kurukia mbele. Vipande vinakuja vimeshikana kwenye fremu. Kimoja kinakatwa kwa plasi ndogo, kinakwanguliwa kwa kiwembe, kinapigwa msasa, kinajaribiwa, kinapigwa msasa tena, ndipo gundi. Na gundi ya kazi hii inayeyusha kidogo plastiki ya pande zote mbili mpaka zinakuwa kitu kimoja, kwa hiyo ukibandika kimepinda, kimepinda maisha. Kwenye madirisha alitumia supa gluu ya dukani, na mvuke wake ukayafanya meupe kama macho yenye mtoto wa jicho. Komenti zikamchamba siku nzima. Jamaa hakufuta klipu. Alikaa siku mbili anasugua kidirisha kimoja kimoja kwa kitambaa na dawa ya meno mpaka vikang'aa tena.

Rangi ya fedha ndiyo iliyomtoa jasho. Hiyo rangi ni mmbea: mkwaruzo ambao jicho haliuoni, yenyewe inautangaza. Inabidi kwanza upulize nyeusi inayong'aa kama kioo, iache ikauke kabisa, ndipo fedha ipite juu kwa tabaka nyembambanyembamba. Sasa jaribu hilo Bukoba mwezi wa nne, mvua inanyesha asubuhi mpaka jioni, hewa ina maji, rangi inafubaa kabla haijakauka. Kompresa aliazima kwa fundi rangi wa magari. Akiwa katikati ya bawa la kushoto umeme ukakatika. Bawa likabaki nusu fedha nusu nyeusi, na kesho yake lote likarudi kwenye msasa. Mtu mwenye utoto angeitupa dirishani.

Kwa hiyo heshima anastahili, na hao wafuasi hakuwaiba. Ndiyo maana lile neno la kuishusha ziwani limekera zaidi kuliko lingetoka kwa mtafuta kiki wa kawaida.

Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi, ndege ya abiria aina ya ATR 42 iliyotoka Dar ilianguka ziwani ikiwa inakaribia kutua Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Waliofariki ni 19. Wavuvi ndio walifika kwanza na mitumbwi yao, na watu wa mjini wakavuta kamba kwa mikono wakiwa ufukweni. Picha iliyozunguka dunia nzima siku ile kila mtu anaijua: mkia wa ndege umesimama juu ya maji.

Ukiwaza hilo, fikiria modeli ya plastiki yenye madirisha na mistari ya maungio kila mahali, imewekwa kwenye mawimbi ya Bukoba. Umbo lake ni la boti, lakini ndani ni tupu na haijazibwa kama boti. Maji yataingia. Plastiki ya modeli kama hizi ni nzito kidogo kuliko maji, kwa hiyo ikijaa inakwenda chini. Na haizami ikiwa imelala sawa. Upande mmoja unatangulia, mwingine unabaki juu. Hapo ufukweni kuna simu mia mbili zinarekodi. Skrinishoti itakayosambaa usiku huo haitakuwa ya rangi aliyoihangaikia wiki tatu. Itakuwa mkia mdogo wa fedha umetoka majini, mji uleule, ziwa lilelile, na chini yake watu wanaweka vikaragosi vya kucheka.

Kuna komenti moja ilipita bila kelele, kutoka kwa mama mmoja: "Mwanangu, mtu wangu alikuwa humo. Nakuomba usiishushe." Jamaa akaiwekea kopa, hakujibu. Chini yake kuna mjuaji, akaunti yake inasema yuko Dar, kamwandikia, "Pole mama, ila hii ni sanaa tu." Laiki zaidi ya mia tatu. Hao mia tatu wangetakiwa kwanza waulize mji huu una nini na maji. Kabla ya 2022 kuna 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza ikitokea huku, mamia wakafa. Kuna familia Kagera ambazo zimepigwa mara zote mbili. Ukiwa Dar unaangalia klipu ukiwa umelala kitandani, ni rahisi sana kuwafundisha sanaa.

Wanaomtetea wana hoja moja yenye uzito: wavuvi wanaingia ziwani kila usiku, ndege zinatua kila siku, na watoto wanaogelea Jumapili, mbona maisha yanaendelea? Yanaendelea, kweli. Mvuvi anakwenda kutafuta mboga na ada ya shule, na abiria anakwenda kwao. Hakuna anayewaita watu elfu kumi waje waone kama ndege itaelea au itazama. Maana tusidanganyane, wengi wanaosubiri laivu hiyo hawasubiri ielee.

Wengine wanasema ahadi ni deni. Deni kwa nani? Wafuasi waliahidiwa kuona ndege juu ya maji, na hilo linawezekana bila kukanyaga ufukweni. Wajenzi wa modeli wanatengeneza maji ya bandia miaka nenda rudi. Unachukua ubao, unalaza tishu juu yake, unaipaka gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji, halafu kwa brashi na vidole unaikunja tishu iwe mawimbi madogo. Ikikauka unapaka rangi, kijani kibichi kinachoelekea bluu, ile rangi ya ziwa siku ya mawingu ambayo mtoto wa Bukoba haitaji kuelekezwa. Tabaka tano sita za vanishi inayong'aa, na nyeupe kidogo nyuma ya tumbo la ndege kuonyesha povu. Ukimaliza, macho yanakubali kuwa ni maji. Gharama yake haifiki hata ya brashi mbili alizonunua. Kwa mtu aliyesugua madirisha kwa dawa ya meno siku mbili, hiyo ni kazi ya wikiendi, na klipu ya tishu kugeuka ziwa itapiga namba kubwa kuliko laivu yoyote ya ufukweni.

Halafu ubao huo unaweza kutembea. Shule za Kibeta zina watoto wanaosikia ndege zikipita juu ya vichwa vyao na hawajawahi kuambiwa kwamba zamani barua za London zilikuwa zinatua Mwanza juu ya maji. Modeli iliyozama haiendi darasani.

Jana usiku aliweka klipu mpya. Hakuongea, redio ilikuwa inalia kwa mbali, mchumba ameshika tochi, yeye anakata vipande vya tepu ya karatasi kwa kiwembe na kufunika madirisha kimoja kimoja ili apulize fedha ya mwisho. Mtu akauliza, "Bro, ziwani lini?" Akajibu, "Subirini." Ile komenti ya mama bado ina kopa peke yake. Wafuasi walikuwa 9,700 na kitu.