Mechi ya kirafiki si mtihani wa mwisho

Niliahidi kwamba wiki hii tungeendelea na somo la hifadhidata, lakini mtanisamehe. Nina jambo la mpira linalonikera rohoni, na nakiri mapema kwamba programu niliyoandika mwenyewe ndiyo iliyoleta matata.

Hapa Embu kuna timu ya vijana wa mtaani ninayoisaidia kuweka takwimu. Kucheza sijui, nilishindwa tangu shule ya msingi. Kazi yangu ni kusimama kando ya uwanja, kurekodi mechi kwa simu, halafu jioni naingiza hesabu kwenye kompyuta: pasi zilizofika, pasi zilizopotea, mashuti, mipira aliyonyang'anywa mtu. Programu inajumlisha na kutoa, na kila mchezaji anapata alama kati ya sifuri na kumi. Mwanzoni Kocha alikuwa akiicheka. Siku hizi anaiamini kuliko ninavyoiamini mimi.

Jumamosi iliyopita tulicheza mechi ya kirafiki na timu ya kutoka upande wa Runyenjes, ligi ikiwa karibu kuanza. Namba kumi wetu ana miaka 19. Msimu uliopita ulimwendea vibaya sana. Alizomewa, mara mbili alitolewa kabla ya mapumziko, na kuna wazee wa pale uwanjani ambao wakimwona tu amevaa jezi wanaanza kuguna kabla refa hajapuliza kipenga. Jumamosi tukafungwa 3-0. Programu ikampa alama 3.8, ya chini kuliko wenzake wote.

Jioni Kocha akanipigia simu. "Injinia, mashine inasema nini kuhusu yule kijana? Nataka kumwacha nje ya orodha." Nikamsomea ile namba. Akashukuru, akakata simu.

Sikulala vizuri. Akiachwa nje ya orodha atakaa hadi nusu ya msimu bila mechi hata moja. Kwa kijana wa miaka 19 hapa kwetu, huo ni muda wa kutosha kuacha mpira kabisa na kwenda kuchuma muguka au kuendesha boda. Na mimi nilikuwa nimemsomea Kocha namba moja tu, kama mtu anayesoma bei ya nyanya sokoni.

Jumapili baada ya kanisa nikaketi na video yote, dakika tisini, nikimwangalia yeye peke yake. Niliona mambo ambayo programu yangu haikuwa na mahali pa kuyaandika. Msimu uliopita ugonjwa wake ulikuwa mmoja: akipata mpira anainamisha kichwa na kuanza chenga, hamwoni mtu, mwishowe ananyang'anywa katikati ya uwanja. Jumamosi alikuwa akiinua kichwa kabla mpira haujamfikia. Nyingi ya pasi zake zilizopotea zilikuwa za mbele, zile ngumu, na alizipeleka pahali ambapo mshambuliaji alipaswa kukimbilia. Mshambuliaji mwenyewe alikuwa mgeni aliyekuja kujaribiwa, na alikuwa amefanya mazoezi na timu siku mbili tu. Yeye alisimama, mpira ukatoka nje, na programu yangu ikamkata alama aliyepiga pasi.

Msimu uliopita angepiga chenga au angerudisha mpira nyuma, na mashine ingempa alama nzuri zaidi. Yaani nilikuwa nimeandika programu inayomwadhibu kijana kwa kupona.

Sisi waandika programu tunalijua kosa hili, ndiyo maana naona aibu. Tunajaribu programu kwenye seva ya majaribio ili ivunjike huko, mbele yetu, kabla mteja hajaiona. Siku ya majaribio yenye makosa mengi inaweza kuwa siku nzuri kuliko zote, mradi yawe makosa mapya. Mechi ya kirafiki ndiyo seva ya majaribio ya kocha. Anachanganya wachezaji, anabadilisha watu saba wakati wa mapumziko, anamjaribu beki wa kushoto upande wa kulia. Halafu sisi tulio kando ya uwanja tunasoma matokeo kana kwamba ni fainali.

Mifano iko hata kwa wakubwa. Tarehe 13 Julai 2017 Everton ya Uingereza ilikuja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia yetu. Wayne Rooney, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi Everton, alifunga bao kutoka mbali, Jacques Tuyisenge akasawazisha, na Everton ikashinda 2-1. Kwa bao lile ungeapa kwamba Everton imepata dawa. Ilipofika Oktoba mwaka huohuo timu ilikuwa imeshuka hadi kwenye eneo la kushushwa daraja na kocha Ronald Koeman akafutwa kazi.

Wamarekani nao, katika ule mpira wao wa kurusha kwa mikono, wana mfano mkali zaidi. Mwaka 2008 timu ya Detroit Lions ilishinda mechi zake zote 4 za matayarisho. Ligi ilipoanza ilicheza mechi 16 na kupoteza zote 16. Cleveland Browns wakafanya vivyo hivyo mwaka 2017: 4 kwa 4 kwenye matayarisho, sifuri kwa 16 kwenye ligi. Kama mechi za matayarisho zingekuwa zinasema ukweli wote, mambo kama hayo yasingetokea hata mara moja.

Nawataja Wamarekani kwa sababu nyingine. Wana mchezaji wanayemwita kwotabeki, ambaye karibu kila shambulizi linaanzia mikononi mwake. Yeye ndiye namba kumi wao. Akikosea, uwanja mzima unaona, hata kama aliyekosea ni mwenzake aliyekimbia njia isiyo yake. Peyton Manning alipoanza mwaka 1998 alirusha mipira 28 iliyodakwa na wapinzani, na timu yake ya Indianapolis Colts ilishinda mechi 3 tu kati ya 16. Mwaka uliofuata, yeye akiwa kwotabeki yuleyule, ilishinda 13. Mashine yangu ingemfuta Manning Desemba 1998.

Na tusiende mbali, tunaye Michael Olunga. Alijiunga na Kashiwa Reysol ya Japani katikati ya mwaka 2018, akafunga mabao 3 ya ligi, na timu ikashuka daraja. Mtu wa kuangalia namba tu angesema huyu Mkenya amekwama. Mwaka 2019 alifunga mabao 27 katika daraja la pili, 8 kati yake katika mechi moja dhidi ya Kyoto Sanga. Mwaka 2020, wakiwa wamerudi daraja la kwanza, alifunga 28 na kutajwa mchezaji bora wa ligi.

Najua mtakachosema. Si kila kijana anayehangaika ni Olunga. Wengi wanaohangaika leo watahangaika na kesho, na Kocha hana miaka miwili ya kungoja. Anayo orodha ya kujaza, na mechi za kirafiki ndizo alizonazo. Hoja hiyo naikubali. Mimi mwenyewe nikipewa mwanafunzi wa mafunzo ya kazi kwa miezi mitatu, lazima mwishoni niseme anafaa au hafai.

Kwa hiyo sisemi mechi ya kirafiki isiangaliwe. Iangaliwe kwa maswali yake. Mimi nimebaki na matatu.

La kwanza: je, kosa la zamani limerudi? Usihesabu makosa yote kwa pamoja. Chukua lile lililomwangusha msimu uliopita na ulitafute hilo peke yake. Likiwa limepungua, kuna maendeleo, hata kama makosa mengine yamezaliwa.

La pili: alikuwa na nani, na dhidi ya nani? Pasi inahitaji watu wawili. Kabla hujamlaumu aliyepiga, mwangalie aliyepaswa kupokea, na uulize kama wale waliompokonya mpira ni kikosi cha kwanza cha wapinzani au ni vijana wao wa akiba.

La tatu: baada ya kukosea anafanya nini? Hili ndilo zito kwangu. Kijana aliyevunjika moyo hujificha. Utamwona anasimama nyuma ya mpinzani ili asipewe mpira. Jumamosi bao la pili lilitokana na pasi yake mbaya kweli, hilo silifichi. Ila mpira ulipoanzwa tena alikuwa wa kwanza kuuomba, na alipoupata akapiga tena mbele. Wazee wakaguna. Yeye hakugeuza shingo.

Jana jioni nikampigia Kocha na kumwambia ile namba niliyomsomea ilikuwa mbovu, na kwamba ubovu ni wa mashine, nami ndiye fundi wake. Alinyamaza kidogo. Akasema, "Sasa Injinia, juzi mashine ilikuwa inajua, leo haijui?" Nikamwambia, juzi pia haikujua, ila mimi sikusema. Akacheka, akasema atapita kwangu Jumatano tuangalie video pamoja kabla hajapeleka orodha. Sijui ataamua nini. Uamuzi ni wake, na ni yeye atakayelaumiwa na wazee timu ikifungwa.

Kwa upande wangu nimeshaibadilisha programu. Mechi za kirafiki haitoi alama tena. Inatoa orodha ya dakika za kwenda kuangalia kwenye video, basi. Na ili msije mkasema namtetea kijana kwa huruma, naweka ahadi yangu hapa wazi: akipewa nafasi, na mechi ya tano ya ligi ikifika bado anapiga chenga huku ameinamisha kichwa, mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kumwambia Kocha amweke benchi. Atakuwa ameshindwa mtihani wenyewe, na hatakuwa na wa kumlaumu.

Haya, wiki ijayo Mungu akipenda tunarudi kwenye hifadhidata.