Binti na Elimu ya Vitundu



Barua ya leo imetoka kwa mama mmoja wa hapa Mombasa, ambaye ameomba jina lake lisitajwe. Binti yake amemaliza shahada ya kwanza ya kemia kwa alama za kupendeza. Nyumbani walimtarajia atafute kazi, asaidie karo ya wadogo zake wawili. Yeye amekuja na habari nyingine: ataka kuendelea na uzamili, kisha uzamivu, achunguze vitu vyenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mjomba wake alipoisikia habari hiyo alicheka, akauliza iwapo mtoto atasoma miaka sita mingine kwa ajili ya kutazama matundu. Baba mtu hajasema neno. Mama aniandikia hivi: niambie kweli, dada yangu, hii ni kazi au ni njozi, kwa maana mume wangu anangoja kauli yangu.

Nimefundisha kemia katika shule za wasichana kwa miaka mingi, kwa hiyo swali hili sitalipitisha kwa mwingine. Nianze jikoni, ambako sote tunakutana.

Mama mwenzangu, ukipika vibibi na unga ukaumuka sawasawa, uso wake hutoboka matundu, na tui ukilimimina hunywewa mpaka ndani. Vikigandamana, tui hubaki likielea juu. Unga ni ule ule na nazi ni ile ile. Kilichotofautisha ni matundu. Kitu chenye matundu kina uso mwingi kuliko umbo lake linavyoonyesha. Sasa chukua tundu la kibibi ulipunguze hadi jicho lishindwe kuliona, kisha hadubini ya shule nayo ishindwe, hadi upana wake uwe nanomita moja au mbili. Nanomita ni sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara milioni. Unywele wa kichwani mwako una upana wa nanomita 80,000 hivi. Katika tundu la kadiri hiyo, molekuli za maji au za gesi huingia chache chache, zikashikamana na kuta, na tabia yake ikabadilika.

Wala vitu hivi si vigeni kwetu. Kifuu cha nazi tunachokitia motoni kila siku ni miongoni mwa mali ghafi bora za kutengenezea makaa ya kuchujia. Kifuu huchomwa pasipo hewa ya kutosha, kisha makaa yake hupitishiwa mvuke wenye joto kali ambao huyatoboa vitundu kwa ndani. Gramu moja ya makaa hayo, ambayo ni kiasi cha kijiko kidogo, huweza kuwa na uso wa ndani wa takriban mita 1,000 za mraba. Ndiyo yaliyomo ndani ya vichujio vingi vya maji ya kunywa na ndani ya vinyago vya kujikinga na gesi ya sumu. Hata kile kijipakiti cha punje unachokikuta katika sanduku la viatu vipya kina silika yenye vitundu, kazi yake kunywa unyevu.

Kemia fizikia ndiyo fani inayopima mambo haya. Mtafiti hana rula ya kuingiza katika tundu la nanomita. Huuchukua unga wake, akaufyonza hewa yote, akaupoza kwa nitrojeni kimiminika iliyo kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, kisha akaingiza gesi ya nitrojeni kidogo kidogo na kuhesabu ni kiasi gani kimenaswa. Kutokana na hesabu hiyo, kwa njia iliyoandikwa mwaka 1938 na Brunauer, Emmett na Teller, hujua ukubwa wa uso uliofichika. Kipimo kimoja huweza kuchukua siku nzima au usiku kucha, na unga ukiwa na unyevu uliosalia, jibu huwa batili na kazi huanza upya. Anayedhani kuwa hawa hutazama tu, aje asimamie chungu cha namna hiyo hadi alfajiri.

Mjomba ameuliza pia, kwa mujibu wa barua, ni mwanamke gani aliyewahi kufanya kazi hiyo. Wengi wamelisikia jina la Rosalind Franklin, Mwingereza, kwa sababu ya picha za DNA zilizopigwa katika maabara yake. Wachache wanajua kuwa alianza na vitundu vya makaa ya mawe. Mwaka 1942, wakati wa vita, akiwa na umri wa miaka 22, aliingia katika taasisi ya utafiti wa makaa ya mawe karibu na London. Aliyapima makaa kwa gesi ya heliamu, ambayo chembe zake ni ndogo mno, kisha kwa vimiminika vyenye molekuli kubwa zaidi. Palipoingia heliamu, vingine havikuingia. Akatambua kuwa ndani ya makaa mna vyumba vyenye milango myembamba, na kwamba makaa yakichomwa kwa joto linalozidi, milango hiyo huzidi kujibana. Kazi hiyo ndiyo iliyompatia shahada ya uzamivu ya Cambridge mwaka 1945. Baadaye akiwa Paris alionyesha kuwa kuna aina ya kaboni ambayo ikitiwa joto kali hugeuka grafiti, na aina nyingine ambayo haigeuki abadan hata uichome vipi. Watafiti wa kaboni hulirejelea hilo mpaka leo. Alifariki mwaka 1958, naye ana miaka 37 tu. Binti yako, mama, yumo katika umri ule ule aliokuwa nao Franklin alipoanza.

Lakini habari iliyonikaa moyoni zaidi ni ya Omar Yaghi. Mnamo Oktoba 2025 alitangazwa kuwa mmoja wa watu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia, wote kwa ajili ya vitundu. Yaghi alizaliwa Amman, Jordan, mwaka 1965, katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina. Walikuwa wengi katika chumba kimoja, wakikaa pamoja na mifugo, pasipo umeme wala maji ya mfereji ndani ya nyumba. Sisi tunaojua kungoja mkokoteni wa mitungi na kubishana bei ya lita 20 hatuhitaji kuelezwa zaidi. Alipokuwa na miaka 10 alijipenyeza katika maktaba ya shule, ambayo kwa kawaida hufungwa, akavuta kitabu kimoja bila kuchagua. Ndani yake mlikuwa na michoro asiyoielewa. Ilikuwa michoro ya molekuli.

Alipofika miaka 15 baba yake alimwamuru aende Marekani kusoma. Nimelisoma jambo hilo mara mbili tatu. Mzazi asiye na kitu alimtoa mtoto wa miaka 15 akamvusha bahari. Kijana alianza katika chuo kidogo cha jimbo la New York, akijikimu kwa kupakia bidhaa za wateja dukani na kupiga deki. Alipata uzamivu mwaka 1990. Mwaka 1992 alianza kuongoza utafiti wake mwenyewe huko Arizona, akitafuta namna ya kuunganisha madini na molekuli za kaboni kama fundi anavyounganisha boriti, hadi zisimamishe nyumba yenye vyumba vitupu. Mwaka 1995 alitoa kazi zake za mwanzo za namna hiyo, na mwaka 1999 akatoa ile iliyopewa jina la MOF-5. Gramu chache za unga huo zina uso unaotosha uwanja wa kandanda, na hauharibiki hata ukitiwa joto la nyuzi 300.

Baadaye yeye na wenzake walitengeneza unga mwingine unaonasa mvuke wa maji kutoka katika hewa ya jangwa usiku. Mchana jua linaupasha, mvuke unaachiliwa, unagandamana na kuwa maji. Waliujaribu katika jangwa la Arizona. Sitaki kumdanganya mtu: maji yaliyopatikana katika majaribio hayo ya mwanzo yalikuwa chini ya lita moja kwa kila kilo ya unga kwa siku, na mkokoteni wa mitungi bado utapita mtaani kwetu kesho. Ila mtoto aliyekulia katika nyumba isiyo na mfereji ndiye aliyeyatoa hewani.

Wale wawili waliotuzwa pamoja naye wana lao la kutufunza kuhusu muda. Richard Robson, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Melbourne, mwaka 1974 alikuwa akitayarisha mipira ya mbao ili wanafunzi waunge vielelezo vya molekuli. Karakana ilipaswa kuitoboa mipira mahali panapofaa, naye akang'amua kuwa mahali pa tundu ndipo penye siri ya umbo zima. Wazo hilo alikaa nalo zaidi ya miaka kumi kabla ya kulijaribu, akachapisha mwaka 1989. Tuzo ilimkuta na miaka 88. Naye Susumu Kitagawa wa Japani aliomba fedha za utafiti akanyimwa, kwa kuwa waliokuwa na fedha hawakuona faida ya vitundu vyake. Hakuacha. Mwaka 1997 alionyesha kuwa vitundu hivyo huweza kuingiza gesi na kuitoa pasipo umbo kubomoka. Kwa hiyo mjomba si mtu wa kwanza kuuliza faida yake ni ipi. Amekaa katika baraza moja na watu wakubwa.

Sasa kweli uliyoiomba. Hii ni kazi, si njozi, lakini malipo yake huchelewa na mlango wake ni mwembamba. Uzamili huchukua miaka miwili hivi, uzamivu mitatu hadi mitano, na baada ya hapo wengi huhama kutoka maabara hii hadi ile kwa mikataba mifupi kabla ya kupata nafasi ya kudumu. Nafasi hizo ni chache kuliko wanaozitafuta. Asiyezipata haangamii, kwani elimu hii hutumika katika usafishaji wa maji, dawa, mafuta na ukaguzi wa ubora wa bidhaa. Lakini ajue mapema.

Usiuze dhahabu yako kumlipia uzamivu. Katika vyuo vingi vya ng'ambo mwanafunzi wa uzamivu wa sayansi husamehewa ada na hupewa posho ya kuishi, hivyo atafute nafasi ya namna hiyo hata ikimgharimu mwaka mzima wa kungoja. Mwaka huo afundishe, na sehemu ya mshahara iende kwa wadogo zake. Hilo ni haki yao na yeye alijua kabla ya kuanza. Tena amjue msimamizi wake kabla ya kukijua chuo. Awaulize wanafunzi waliomtangulia walimaliza kwa miaka mingapi, na mashine ya kupimia vitundu ipo maabarani au ni ya kuazima. Chuo chenye jina kubwa na mashine iliyoharibika hakimfai.

Ukimwuliza mume wako anachonyamazia, huenda ukakuta si matundu. Huenda ni safari, na binti kuishi peke yake ugenini. Hilo ni jambo la kuzungumzwa waziwazi baina yenu watatu, wala lisifichwe nyuma ya kicheko cha mjomba.

Nami nina deni langu. Miaka mingi iliyopita msichana mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza kwa nini makaa hunywa rangi ya maji. Silabasi ilikuwa imetubana na mtihani ulikuwa karibu, nikamwambia swali hilo haliulizwi. Alikaa. Hakuniuliza tena swali lolote mpaka akamaliza shule, na sijui alikokwenda.

Mama, Jumamosi baada ya Adhuhuri nipo nyumbani. Mlete binti aje na barua alizoandikiwa na vyuo, tuzisome pamoja mstari kwa mstari, hasa panapotajwa ada na posho. Baba yake akipenda aje. Mjomba naye mwambieni aje, vibibi vitakuwepo.