Injini ya lori si ya kila trekta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwatahadharishe wakulima wenzangu wenye matrekta ya zamani.

Injini ya Massey Ferguson 165 yangu ilipokufa, fundi mmoja alinishauri nifunge injini ya dizeli ya lori, kwani ilipatikana kwa urahisi. Nikakubali. Siku ya tatu ya kulima sampu ilipinda, ikaachana na bloku, na oili yote ikamwagika. Masika yakanipita.

Kosa lilikuwa wapi? Lori lina chesisi, na injini hukaa juu yake tu. Trekta hili halina chesisi. Injini yenyewe ndiyo inayounganisha ekseli ya mbele na giaboksi, nayo hubeba mzigo. Sampu ya bati haiwezi kazi hiyo. Tena, gavana ya malori mengi huangalia mwendo wa chini kabisa na wa juu kabisa. Katikati ni mguu wa dereva. Gavana ya trekta huongeza dizeli yenyewe plau linapokutana na udongo mgumu.

Sisemi kwamba jambo hili haliwezekani. Lakini kwanza ijengwe fremu imara ya chuma, na pampu iwekewe gavana ya trekta. Nawaomba wataalamu wa CAMARTEC kule Arusha wawaandikie mafundi wa vijijini mwongozo kwa Kiswahili. Ujuzi ukibaki ofisini, mashamba yatabaki mapori.

Mkulima,
Kilosa.