Upendo Unaokwaruza Motokari

Mtu akinunua motokari hapa Lubumbashi, jamaa na majirani hawamwachi mpaka aimwagilie. Bia zinafunguliwa, mchungaji anaitwa kuibariki, na juma zima mwenye mali hawezi kuiacha uani bila kugeuka mara mbili kuitazama. Simlaumu hata kidogo. Kipya kinyemi, walisema wazee. Mimi nataka tuzungumze juu ya asubuhi ya pili yake, pale anapomwita kijana wa mtaa, anampa ndoo moja, sabuni ya unga na kipande cha godoro kuukuu, anamwambia: osha, iwake.

Shemeji yangu hakumwita kijana. Alifanya mwenyewe, na alifanya kwa mapenzi. Motokari yake nyeusi ilikuja kwa barabara toka Dar es Salaam, ikapita Zambia, ikavuka Kasumbalesa ikiwa safi kama kioo. Toka siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, aliipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu. Ulipofika mwezi wa tisa, jua lilipoipiga kwa upande, kwenye boneti nzima ilionekana mizunguko myembamba kama utando wa buibui. Akalaumu vumbi la Katuba. Fundi wa rangi aliyemwendea akamwambia maneno ambayo sijayasahau: "Baba, vumbi lilikaa tu. Mwenye kulisugua ni wewe."

Ndugu wasomaji, hilo ndilo neno langu leo. Rangi nyingi za motokari katika mji huu haziuawi na vumbi, bali na usafi usio na akili.

Tuelewe kwanza kile tunachokisugua. Juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu, kisha rangi ya chini, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa vanishi angavu inayobeba mng'ao wote. Matabaka hayo yote pamoja huwa sehemu moja ya kumi ya milimeta au zaidi kidogo. Vanishi peke yake ni nyembamba kuliko unywele. Sasa fikiri juu ya vumbi letu jekundu. Ndani yake mna chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko kisu cha chuma, na zinaweza kukwaruza kioo. Toka mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua haionekani, na vumbi hilo linalala juu ya kila kitu. Likilala, halina ubaya. Ukilikandamizia kitambaa kikavu, umetengeneza msasa kwa mkono wako.

Mtu atanijibu: maji yenyewe yako wapi, na bomba linakaa siku ngapi bila kutoa tone? Najua, nami nabeba bidoni kama wewe. Ndiyo sababu nasema: kama maji hakuna, acha vumbi likae. Hakuna aibu katika motokari yenye vumbi mwezi wa nane. Ndoo mbili mara moja kwa juma ni bora kuliko ndoo moja ya kila siku. Ndoo ya kwanza ni ya sabuni, ya pili ni ya kusuuzia kitambaa kabla hakijarudi kwenye sabuni, ili mchanga ubaki chini ya maji na usirudi juu ya mlango. Mwaga maji kwanza, uchafu mzito uteremke wenyewe. Anzia paa, shuka. Magurudumu yawe ya mwisho na yapate kitambaa chao. Osha kivulini, boneti ikiwa imepoa, na ukaushe mara moja, kwa maana maji ya visima vya huku mara nyingi yana chokaa, nayo yakikaukia juani yanaacha madoa meupe.

Sabuni ya unga iache kwenye nguo. Imetengenezwa kuondoa mafuta, na nta inayolinda rangi inaondoka nayo pia. Wengine wanapangusa kwa mazutu ili ing'ae. Inang'aa saa moja, kisha inakamata vumbi la njia nzima.

Wala tusimtupie lawama kijana wa kando ya barabara. Tunamlipa kidogo, tunamhimiza, halafu tunashangaa akitumia maji yaleyale kwa motokari sita. Nunua vitambaa vyako laini, viweke nyuma ya kiti, umpe yeye, umwongeze franka, umwombe abadilishe maji. Wengi wao wanajua kazi kuliko tunavyowafikiria.

Mji wetu unapaswa kujua kuliko miji mingine kwamba kinachoanguka toka juu kinakula. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911, na kwa miaka mingi moshi wake wenye salfa ulipelekwa na upepo kaskazini-magharibi. Msitu wa upande huo ukafa, udongo ukabaki uchi. Kinyesi cha ndege na utomvu wa mwembe vinafanya hivyohivyo kwa kadiri yao. Ukivikuta juu ya rangi, usikwangue kwa ukucha. Weka kitambaa kilicholowa, subiri vilainike, kisha uviinue.

Kuhusu nta, motokari iliyotoka kiwandani rangi yake imekaushwa ndani ya tanuri la joto kali, basi unaweza kuipaka siku ileile. Lakini nyingi tunazoziita mpya ni mpya kwetu tu. Kama imepakwa rangi upya garajini, ingoje mwezi mmoja au miwili ili rangi ipumue. Wauzaji wa koti ya seramiki watakuahidi mengi. Ni kitu kizuri kwa mwenye fedha, lakini haizuii jiwe la lori katika njia ya Likasi, wala haitakuokoa na kitambaa kikavu.

Mwenye fedha kidogo apake nta mwezi wa tisa, kabla ya mvua za kwanza. Shemeji yangu sasa anafanya hivyo. Mvua ikinyesha anatoka barazani kutazama paa la motokari yake: maji yakisimama kama shanga, anarudi ndani, yakitandaa kama juu ya ubao, anajua Jumamosi ana kazi.