Haki Yako: Ukigombana na Jirani Umm Salal

Wanachama wetu wanaoishi Umm Salal wanapotujia na swali la sheria, mara nyingi si la viza wala la ada. Ni la jirani. Kiyoyozi cha juu kinadondosha maji kwenye nguo zilizoanikwa. Gari la mtu limeziba lango asubuhi ya mtihani. Chumba cha pili kinapiga muziki hadi saa nane za usiku.

Nyumbani tungejua pa kwenda. Bara mtu hwenda kwa balozi wa nyumba kumi, Unguja kwa sheha, Kenya kwa chifu au mzee wa mtaa. Hapa kaskazini mwa Doha hatuna balozi wala sheha. Kwa hiyo wengi wetu tunafanya moja kati ya mawili: tunanyamaza mpaka tunahama, au tunapayuka mpaka polisi wanaitwa. Safu ya leo inatafuta njia ya katikati.

Tuanze na sheria yenyewe. Kanuni ya Madai ya Qatar, ambayo ni Sheria Namba 22 ya 2004, imefuata mkondo wa ile ya Misri ya 1948. Msingi wake kuhusu majirani ni huu: mwenye mali asiitumie kupita kiasi hadi akamdhuru jirani yake. Hata hivyo, jirani naye anatakiwa kuvumilia kero za kawaida zisizoepukika panapoishi watu. Anachoweza kudai kiondolewe ni kile kilichovuka mpaka wa mazoea. Mpaka huo hupimwa kwa desturi ya mahali, aina ya majengo, jinsi yalivyokaribiana na kazi ya kila jengo.

Basi kuudhika peke yake si hoja, maana sote tumewahi kuudhika. Mtoto anayelia usiku ni kero ya kawaida. Wageni wa harusi usiku mmoja ni kero ya kawaida. Karakana ya kuchomelea vyuma katika ua wa nyumba ya familia si ya kawaida, wala maji yanayooza ukuta wako mwezi baada ya mwezi.

Jambo la pili ni karatasi. Nyumba nyingi tunazopangishwa ni vila zilizogawanywa vyumba, jikoni moja, mita moja ya umeme. Upangaji unaongozwa na Sheria Namba 4 ya 2008, ambayo inataka mkataba usajiliwe na imeunda Kamati ya kutatua migogoro ya upangaji. Ikiwa anayekusumbua ni mpangaji wa mwenye nyumba huyohuyo, anza na mwenye nyumba, kwa maandishi. Sheria inamruhusu kuomba kumtoa mpangaji anayeitumia nyumba kinyume cha masharti ya mkataba.

Lakini kisu hicho kina makali pande mbili. Sheria hiyohiyo inaruhusu kutolewa kwa mpangaji aliyempangisha mtu mwingine bila idhini ya maandishi. Ikiwa chumba chako umepewa na rafiki, naye amepewa na rafiki, na hakuna karatasi yenye jina lako, unaweza kuwa na haki kabisa katika ugomvi wa maji au kelele na bado ukakosa pa kusimama. Kabla ya kumshtaki jirani, soma kwanza mkataba wako. Kama huna, hilo ndilo tatizo lako la kwanza.

Jambo la tatu ni simu ya mkononi. Mwenzetu mmoja alichoshwa na gari lililoziba lango akamrekodi jirani video akimfokea. Katika video hiyo alipita mke wa jirani. Kuanzia hapo hakuna aliyezungumzia gari tena. Mwenzetu, aliyekuwa mlalamikaji, akageuka mwombaji radhi, na bahati yake ni kwamba radhi ilikubaliwa. Tangu marekebisho ya 2017, Kanuni ya Adhabu ya Qatar inaweza kumpa kifungo cha hadi miaka 2 na faini ya hadi riyali 10,000 mtu anayeingilia faragha ya wengine, ikiwemo kuwapiga picha bila ridhaa. Matusi ya WhatsApp nayo yanaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao, Namba 14 ya 2014. Piga picha ya ukuta wako uliolowa. Usipige picha ya mtu, wala ya ua wake.

Basi ufanye nini? Kwanza bisha hodi, mchana, ukiwa umetulia, ikiwezekana na mtu mzima anayeheshimika. Andika tarehe na saa za kila tukio. Mwarifu mwenye nyumba kwa barua au ujumbe unaoweza kuuonyesha baadaye. Mambo ya taka, ujenzi na ugawaji wa nyumba bila kibali ni ya manispaa. Vitisho na kupigana ni vya polisi, namba 999. Shauri likifika kwenye Kamati au mahakamani, lugha ni Kiarabu, kwa hiyo tafuta mfasiri mapema. Wala tusidanganywe na undugu wa lugha: sisi tunasema mkataba, lakini hati ya kupanga huku huitwa aqd, neno ambalo wengi wetu tunalijua kwenye ndoa.

Liko moja linalotutia uzito. Sheria Namba 15 ya 2010 inakataza makazi ya makundi ya wafanyakazi ndani ya maeneo ya familia. Ukilalamika manispaa kuhusu vila iliyojaa watu, una haki hiyo. Lakini watakaokusanya mabegi ni wafanyakazi waliopangwa humo na mwajiri, na huenda miongoni mwao yumo mlinzi kutoka Mombasa au Kampala anayekusalimia kwa Kiswahili kila asubuhi. Hatusemi usilalamike, maana pengine chumba chenye watu kupita kiasi ni hatari kwao kuliko kwako. Tunasema zungumza nao kwanza, ujue kero ni yao au ni ya aliyewaweka pale.

Wahenga walisema jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali. Ndugu zetu wako mbali mno kutoka hapa. Ijue haki yako, lakini wiki hii anza na mawili: utafute mkataba wako uusome, kisha umjue jirani yako kwa jina kabla hamjagombana.