Nyanya Hakuibwa, Aliibiwa

Mhariri, naomba nafasi katika jarida letu la Chama cha Kiswahili nitoe dukuduku langu. Najua kurasa hizi huwa na mashairi, vitendawili na lawama kwa wanaochanganya Sheng. Leo mimi nitazungumzia Kiingereza. Usishtuke, ewe msomaji. Safari ni ndefu kidogo lakini nitakurudisha papa hapa nyumbani.

Mwaka jana baada ya mavuno, jirani yetu mmoja hapa Suam, ajuza ambaye sote twamwita Nyanya, aliamka akakuta magunia mawili ya mahindi hayamo ghalani. Watu wa huku mnajua gunia la mahindi ni nini. Ni karo, ni sabuni, ni chakula cha miezi. Asubuhi hiyo alinijia nikiwa nafua sare yangu ya shule.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "wewe unasoma sekondari. Niandikie barua niipeleke ofisini. Na uiandike kwa Kizungu ndio wanisikize."

Nami nikavimba kichwa. Nilitafuta karatasi safi, nikaandika kwa hati nzuri: "Last night I was stolen two bags of maize." Tukaenda naye. Karani aliyeipokea aliisoma kwa sauti, kisha akacheka hadi akashika meza. Akamwita mwenzake naye aje asome. "Kumbe ni wewe uliyeibwa, mama? Sasa umerudije?"

Nyanya alinitazama. "Mjukuu wangu, wanachekea mahindi yangu?"

Nilikosa la kusema. Aliichukua barua yake, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la leso, akaondoka. Mpaka leo hajarudi huko.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: nilikosea wapi? Jibu nililipata darasani, tena si katika kipindi cha Kiingereza. Nililipata tulipokuwa tukisoma mnyambuliko wa vitenzi.

Tazameni. Kwa Kiswahili tunasema, "Mahindi yaliibwa." Hii ni kauli ya kutendwa, na kilichoibwa ni mahindi. Kisha tunasema, "Nyanya aliibiwa mahindi." Hii ni kauli ya kutendewa. Mwizi hakumbeba Nyanya. Alibeba mali yake, hasara ikamfika yeye. Tofauti yote imo katika irabu moja tu, ile i iliyoingia kati: ibwa, ibiwa. Ndani ya irabu hiyo mna kazi ambayo Mwingereza huifanya kwa neno zima linalosimama peke yake, yaani kihusishi.

Kwa hiyo Mwingereza hana budi kusema, "Two bags of maize were stolen from me." Kitenzi "steal" kinamjua mwizi na kinayajua mahindi, lakini mwenye mahindi hakimjui. Ili aingie katika sentensi lazima ashikwe mkono na "from". Ukitaka kuanza na mwenye mali, badilisha kitenzi useme, "I was robbed of two bags." Hapo kihusishi nacho kimegeuka, si "from" tena bali ni "of". Mimi nilichukua kitenzi cha Kiingereza nikakivisha nguo ya "ibiwa", na nguo haikumkaa.

Lakini msiharakishe kunicheka! Kiingereza chenyewe hakina msimamo. "Nilipewa kitabu" ni "I was given a book", na hakuna atakayekucheka. "Niliibiwa kitabu" ukiigeuza kwa njia ile ile, watu wanashika meza. Sasa mtoto wa Suam atajuaje kama hakuna mtu aliyemwonyesha mpaka ulipo?

Kuna shimo la pili, na wengi wetu tunaoishi huku chini ya Mlima Elgon tunalikanyaga kila msimu wa mvua. Sisi wa shule ya kutwa hufika darasani tumelowa chapachapa. "Nilinyeshewa," unasema, na mambo yamekwisha. Kwa Kiingereza ni "I was rained on." Hiyo "on" inabaki ikining'inia mwisho wa sentensi kama ndoo iliyosahauliwa kisimani. Wengi wetu tunaiacha, kwa maana Kiswahili kimetuzoesha kwamba kitenzi hubeba kila kitu mgongoni.

Vivyo hivyo kwa "laugh at", "look after" na "send for". Kihusishi hapo ni sehemu ya kitenzi, na hata ukigeuza kauli hakibanduki. "Nyanya alichekwa na makarani" ni "Grandmother was laughed at by the clerks." Hebu iangalieni sentensi hiyo vizuri. Vihusishi viwili vimesimama bega kwa bega. "At" ni mali ya kitenzi, na "by" inamtaja mtenda. Sisi tunaona viwili vimezidi, tunamtupa "at", tunaandika "laughed by". Mwalimu anapiga mstari mwekundu na hasemi kwa nini.

Shimo la tatu ni "na". Tumekariri tangu shule ya msingi kwamba "na" ya kutendwa ni "by". Mara nyingi ni kweli. Lakini mwenzangu mmoja aliandika katika insha kwamba dada yake "was married by a driver". Alitaka kusema ameolewa na dereva. Mwingereza akisoma hapo ataelewa kwamba dereva ndiye aliyefungisha ndoa, yaani matatu imegeuka kanisa! Alipaswa kuandika "married to". "Na" yetu moja hugeuka kuwa "by", ikawa "to", ikawa kitu kingine, kutegemea kitenzi.

Na msidhani kwamba Kiswahili chetu ni safi. Mara ngapi nimesikia "barua iliandikwa na kalamu nyekundu"? Kalamu gani hiyo yenye akili ya kuandika? Barua huandikwa na mtu kwa kalamu. "Na" ni ya mtenda, "kwa" ni ya kifaa. Anayezishika hizo mbili kwa Kiswahili hatasumbuka na "by" na "with". Nyoka aliuawa na mzee kwa rungu. "By the old man", "with a club". Ngoma ni ile ile.

Tena kuna mahali ambapo Kiswahili kinaweza na Kiingereza kinashindwa kabisa. "Nilifiwa na babu." Jaribuni kuigeuza neno kwa neno muone! Kitenzi cha kufa hakina kauli ya kutendwa katika Kiingereza. Itabidi useme umempoteza babu, kana kwamba aliteleza mfukoni. Lakini Kiswahili, kwa neno fupi "fiwa", kinatambua kwamba kifo cha mmoja humwangukia mwingine. Lugha yenye uwezo huo si ya kuonewa aibu.

Wako watakaoniambia, "Kwani shida iko wapi? Hiki ni Kiingereza chetu cha Kenya. Tukisema 'I was stolen' tunaelewana." Nakubali kwamba tunaelewana, na yule karani pia alielewa fika. Ndiyo maana namlaumu: alielewa hasara akachagua kucheka sarufi. Lakini siwezi kukubali kwamba tusijisumbue. Sentensi yangu ilisema jambo jingine, kwamba binadamu ameibwa. Tena sisi hapa tuko mpakani na Uganda. Neno likivuka mpaka na maana isiyo yake, litamfikia mtu asiyejua tulichokusudia. Na katika mtihani wa KCSE, alama za vihusishi zinatungoja sote.

Kosa langu kubwa, hata hivyo, halikuwa kihusishi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inasema lugha rasmi za Kenya ni Kiswahili na Kiingereza. Zote mbili! Ningeandika, "Usiku wa kuamkia leo nimeibiwa magunia mawili ya mahindi," barua ingekuwa halali na hakuna ambaye angeshika meza. Niliogopa Kiswahili changu kisionekane duni. Mkosa mimi.

Basi nina mapendekezo mawili. La kwanza ni kwa walimu wetu, kwa heshima na taadhima. Katika kipindi cha Kiswahili tunasoma kutendewa. Kengele ikilia tunasoma "from", "of" na "at" kama orodha ya kukariri. Hakuna anayetuambia kwamba mambo hayo ni ndugu. Tunaomba mara moja tu kwa muhula walimu wa lugha hizi mbili wasimame ubaoni pamoja, huyu aandike "chekwa", yule aandike "laughed at", nasi tuone kihusishi kimejificha wapi na kimejitokeza wapi.

La pili ni kwetu wanachama. Mwenzako akisema "I was stolen", usicheke kwanza. Muulize ameibiwa nini. Ukishamsaidia kukitafuta, mpe hiyo "from" yake taratibu. Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi.

Majuzi niliiandika ile barua upya, nakala moja kwa Kiswahili na nyingine kwa Kiingereza kilichonyooka. Nikampelekea. Nyanya alikuwa akipukuchua mahindi yaliyobaki. Aliziangalia zote mbili, akanirudishia.

"Asante, mjukuu wangu. Lakini mahindi yameshaliwa hayo."

Nimezihifadhi katika daftari langu la sarufi. Yeyote atakayeibiwa, aje nimpe mfano wa kuandika.