Mpenzi, Hebu Vua Soksi

Kuna mtihani mmoja ambao hauna tuisheni: kukaribishwa ukweni kwa mara ya kwanza. Umependeza, marashi yako yananukia, suruali imenyooka, halafu unafika mlangoni unakuta viatu vimepangwa nje. Nyumba za huku kwetu Pwani ndivyo zilivyo, mkeka haukanyagwi na kiatu. Hapo ndipo kaka anapokumbuka kuwa soksi ya kushoto ina tundu, na dada anakumbuka kuwa visigino vyake vina nyufa za kuchania shuka.

Tunacheka, lakini hebu tuangalie tunavyoishi. Sisi watu wa ofisini tunatunza kile kinachoonekana kwenye kikao. Uso una krimu ya asubuhi na ya usiku, nywele zina bajeti yake kila mwezi. Miguu je? Inafungiwa ndani ya viatu saa kumi na mbili asubuhi, inafunguliwa saa mbili usiku baada ya foleni ya Mbezi au Mbagala, na taa inazimwa. Wapo wanandoa wa miaka mingi ambao ukimuuliza mmoja wao nyayo za mwenzake zikoje, atabaki anakukodolea macho. Mwezi huu naomba tuwashe taa.

Naanza na fangasi, maana ndiyo inayowagombanisha watu vyumbani. Mara nyingi huanzia kati ya kidole cha nne na kidole kidogo, pale panapobanana na pasipokauka. Ngozi inakuwa nyeupe kama iliyolowa, inachubuka, inawasha hasa ukishavua soksi. Wakati mwingine haiji hivyo kabisa: unyayo mzima unakuwa mkavu wenye ungaunga, na mtu anamaliza chupa za losheni akidhani ni ukavu wa kawaida.

Dawa zipo na si za ajabu. Krimu ya klotrimazoli inafanya kazi, ya terbinafini nayo inafanya kazi, tena kwa muda mfupi zaidi, wiki moja hadi mbili. Tatizo letu ni haraka. Tunapaka siku nne, muwasho ukikata na sisi tunaacha. Klotrimazoli inatakiwa uendelee nayo kama wiki mbili nyingine baada ya ngozi kuonekana imepona. Halafu kuna zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi ndani yake, ambazo wengine wanazitumia kujichubua. Ukipaka leo, muwasho unatulia leo leo, unampigia simu muuza dawa kumshukuru. Kumbe fangasi inaendelea kutambaa kimya kimya, na ikirudi inakuwa na sura nyingine hata daktari anapata taabu kuitambua. Soma kilichoandikwa kwenye boksi kabla hujalipa.

Na mtibiwe wote wawili kama wote mnayo. Fangasi inapita kwenye taulo la pamoja, kwenye kandambili za bafuni zinazovaliwa na nyumba nzima, kwenye sakafu isiyokauka. Akitibiwa mmoja mtakuwa mnarushiana tu kama watoto wanaocheza rede. Kila mtu awe na taulo lake. Wenzetu mnaotawadha mara tano kwa siku, hasa adhuhuri na alasiri mkiwa kazini, kausheni katikati ya vidole kabla ya kurudisha soksi. Kitambaa kidogo kwenye droo ya ofisini kinatosha.

Fangasi ya kucha ni kesi nyingine. Kucha inakuwa ya njano au nyeupe, nene, inamung'unyuka kama biskuti iliyoshika unyevu. Krimu haipenyi vizuri huko. Mara nyingi daktari huagiza vidonge vya terbinafini kila siku kwa wiki kama 12, na kwa kuwa dawa hiyo inaweza kusumbua ini, si ya kujinunulia kwa kuelekezwa na jirani. Kingine ni subira: kucha ya kidole gumba cha mguu huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kuota upya yote, kwa hiyo hata ukipona usitegemee kuiona mpya mwezi ujao. Tena si kila kucha mbaya ni fangasi. Nyingine imepigwa na kiatu cha mpira, nyingine imebanwa tu. Ndiyo maana daktari makini atakata kipande akipeleke maabara kwanza.

Kina dada, hapa nawageukia. Rangi ya kucha inayopakwa juu ya rangi, mwezi baada ya mwezi, inaficha yote hayo. Zipeni kucha zenu wiki moja ya kupumua mzione zikoje. Bibi harusi nao: hina ya majani haina ugomvi na mtu, lakini ile piko nyeusi tii mara nyingi ni unga wa kutia nywele rangi. Kuna ngozi zinazotoka malengelenge kwa unga ule, na harusi ni Jumamosi.

Harufu sitaichelewesha. Jasho lenyewe halinuki, bakteria wanaolila ndio wanaonuka. Soksi za pamba, zibadilishwe kila siku, na kiatu kimoja kisivaliwe siku mbili mfululizo. Kinahitaji saa 24 kukauka ndani. Ukiona unyayo una vishimo vidogo vidogo kama umetobolewa na sindano, hao ni bakteria walioshaingia kwenye ngozi ya juu, na dawa yake ni ya kupewa hospitali. Mwenzako akinuka miguu mwambie mkiwa wawili, kwa upole, si mbele ya mashemeji.

Magaga je? Kwanza tuache kuyaita ushamba. Kisigino kinabeba uzito wako wote, na ukiwa kwenye ndala au sendozi za wazi, ngozi inatanuka pembeni, inakauka, inapasuka. Anayesimama kutwa nzima benki au darasani anayapata vizuri tu. Loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi hadi kumi na tano, sugua taratibu kwa jiwe, kausha, kisha paka mafuta ya mgando hapo hapo ngozi ikiwa bado ina unyevu kidogo, na uvae soksi za pamba ulale nazo. Kwenye magaga sugu, krimu yenye urea inashinda mafuta matupu. Rudia kila siku kwa wiki mbili, si mara moja kwa mwezi kwa yule kijana anayepita mtaani na kikapu chake cha rangi. Simsemi vibaya, anatafuta riziki, lakini jiwe lile lile limepita kwenye miguu mingapi kabla ya wako? Nunua jiwe lako na kikatio chako cha kucha, umpe avitumie hivyo. Hata saluni ya viyoyozi uliza vifaa vimesafishwaje.

Kitu kigumu kinachouma chini ya unyayo kinaweza kuwa sugu au chunjua, na vinatibiwa tofauti. Kwenye sugu mistari ya ngozi inaendelea juu yake kama kawaida, na inauma ukiibonyeza moja kwa moja. Chunjua inaikata ile mistari, mara nyingi ina vidoa vyeusi katikati, na inauma zaidi ukiiminya kwa pembeni. Sugu huondoka kwa kusuguliwa taratibu na kubadilisha kiatu kinachoisababisha. Chunjua ina dawa zake zenye asidi ya salisili, na inahitaji uvumilivu wa wiki nyingi. Wembe weka kando. Maji ya betri usithubutu.

Viatu vya mchuchumio sitawakataza, maana najua hamtanisikia. Ila mkivivaa kila siku mnasukuma uzito wote mbele, vidole vinabanwa kwenye ncha, na lile fundo linalotokea pembeni ya kidole gumba likiwa tayari linakuja, linaharakishwa. Vaeni raba kwenye daladala, mchuchumio ubaki chini ya meza ya ofisi. Kiatu nunueni jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo, na kiache nafasi ya sentimita moja hivi mbele ya kidole kirefu. Mtumba mzuri upo, lakini ukiona soli ya ndani ina umbo la mguu wa mtu mwingine, urudishe. Kucha zikatwe kwa kunyooka, msizichonge pembeni, hapo ndipo zinapoanza kuota kuelekea nyamani. Ikishavimba na kutoa usaha, nenda kliniki ikafanyiwe kazi kwa ganzi.

Kuna na wale ambao hatua za kwanza asubuhi kutoka kitandani ni kama wanakanyaga msumari kisiginoni, halafu wakitembea kidogo maumivu yanapungua. Wengi wanasema ni baridi. Mara nyingi ni ule ukanda mgumu wa unyayoni, unaoanzia kisiginoni kuelekea vidoleni, umechoka. Kabla hujashuka kitandani, vuta vidole vyako kuelekea kwako, hesabu mpaka thelathini, rudia mara tatu. Jioni viringisha unyayo juu ya chupa ya maji iliyoganda. Ni tiba ya miezi, lakini walio wengi hupona bila kisu.

Sasa tufike pale hasa nilipotaka tufike. Yote niliyoyataja hapo juu yanauma, yanawasha au yananuka, kwa hiyo yanajitangaza yenyewe. Mguu wa kuogopa ni ule usiosema kitu.

Msomaji wetu mmoja wa Tabata aliniandikia kuhusu mumewe, miaka 38, afisa mikopo, mtu wa kushinda juu ya pikipiki akifuatilia wateja. Mwanaume huyo alikuwa na mazoea ya kulala na soksi. Siku moja dada akazivua ili azifue, akakuta ya kulia imegandamana na damu, na kwenye kiatu kokoto yenye ncha. Chini ya kidole gumba kulikuwa na kidonda cha ukubwa wa shilingi mia.

“Baba, hii kokoto hukuisikia?”

“Kokoto gani?”

Alikuwa ameitembelea kutwa nzima. Walipofika hospitali, sukari ilikuwa 19. Hakuwa amewahi kupima hata siku moja. Alikuwa anakojoa sana usiku na kunywa maji mengi, wakasema ni joto la Dar. Ilichukua zaidi ya miezi miwili ya kusafishwa kidonda na kurekebisha sukari, lakini mguu upo, anautembelea. Wengine wanafika wakati kidonda kimeshaoza, na mazungumzo yanayobaki ni wapi pakatwe.

Sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu, kuanzia vidoleni. Dalili zake tunazipa majina mengine: nyayo kuwaka moto usiku, ganzi, kuhisi kama unatembea juu ya pamba, kandambili kuvuka mguuni nawe hujui. Si kila nyayo inayowaka ni kisukari. Pombe nyingi, upungufu wa vitamini B12 na baadhi ya dawa pia hufanya hivyo. Lakini kipimo cha sukari ni tone moja la damu. Asubuhi kabla ya kula, ikisoma 7 au zaidi, na ikarudiwa siku nyingine ikasoma hivyo, hicho ni kisukari. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha maelezo ya wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini. Tunasema panya huuma huku akipuliza. Kwa mguu uliokufa ganzi wala hahitaji kupuliza.

Kwa hiyo leo usiku fanyeni hivi. Mmoja alale chali, miguu wazi, afumbe macho. Mwingine aguse kwa wepesi kabisa, kwa ncha ya kidole cha shahada, ncha ya kidole gumba, cha katikati na kidogo, mguu huu na huu. Jumla sehemu sita. Gusa sekunde moja au mbili, usibonyeze wala kutekenya. Anayeguswa aseme “kulia” au “kushoto” kila akihisi. Akikosa sehemu mbili au zaidi kati ya hizo sita, kesho ni kliniki. Si mchezo nilioutunga mimi. Ni kipimo kilichobuniwa Ipswich, Uingereza, kwa ajili ya wagonjwa wa kisukari waliolazwa hospitalini, na hakina gharama.

Mkishamaliza, badilishaneni. Mkiwa hapo hapo tazameni nyayo, katikati ya vidole na chini ya kucha. Mstari mweusi au wa kahawia chini ya kucha moja, unaozidi kupanuka au unaovuka kuingia kwenye ngozi, au doa jeusi la unyayoni linalobadilika, usiupe jina la jeraha la mpira. Bob Marley alidhani hivyo kuhusu kidole chake. Mwaka 1977 iligundulika ni saratani ya ngozi, na aliaga dunia Mei 11, 1981 akiwa na miaka 36. Kwa sisi watu weusi saratani hiyo ni nadra, lakini ikija hupenda nyayo, viganja na kucha, mahali ambapo hakuna anayeangalia.

Kama mwenzako tayari ana kisukari, hayo ya maji na jiwe niliyoyasema kwenye magaga hayamhusu: asilowekwe, asisuguliwe, apakwe mafuta tu lakini si katikati ya vidole. Maji ya kunawa yapime wewe kwa kiwiko. Viatu vyake vikung'utwe na kupapaswa ndani kwa mkono kabla hajavaa, na kidonda chochote, hata cha ukubwa wa punje ya mchele, kionwe na daktari siku hiyo hiyo.

Barua zenu naendelea kuzipokea. Mwezi ujao ni zamu ya kukoroma, kwa hiyo anza kumrekodi taratibu.